Kupasua Wazi au Kutoboa Matundu

Gari la abiria liliacha Fizi likiteremka kuelekea mji wa Baraka, na wanawake wawili waliokutana humo wakabishana mbele ya abiria mwenzao, mzee Bonaventure, kana kwamba yeye ni gunia la mihogo.

"Mi naenda kupunguzwa tumbo, dada," alisema yule mnene, Pulchérie. "Sukari na presha binanimaliza. Dokta anasema iko njia mbili: kupasua wazi, ao kutoboa matundu madogo na kutia kamera."

"Chagua matundu!" mwenzake, Ketsia, akamjibu. "Bakukate kama ng'ombe ya Noeli juu ya nini?"

"Bwana yangu hataki. Anasema muntu anachungulia mu tundu, ataona nini? Heri afungue, aone muzuri."

Bonaventure akageuzia uso dirishani. Maneno hayohayo aliyasema yeye, na marehemu mkewe, aliyetaka matundu, akatii, akapasuliwa wazi. Wakati wa kurudi nyumbani, katika mashimo ya njia hii, mshono ukafunguka.

"Papa, we ni muntu mukubwa," Ketsia akamgeukia. "Unasema nini?"

Bonaventure akanyoosha kidole barabarani. "Bibi yangu balimupasua wazi. Barabara ndiyo ilimuua. Bakubwa ba serikali banapita na ndege, sisi tunazika."

"Pole, papa. Kumbe ni barabara!" Pulchérie akashusha pumzi. "Basi bwana yangu hakukosea."

Gari likasimama Baraka. Pulchérie akashuka, simu sikioni, akimwambia mumewe sawa, bapasue wazi. Bonaventure akafungua kinywa amwite, amwambie kuwa mkewe alitaka matundu, na yaliyotoka yakawa tena matusi kwa serikali na barabara yake.