Mwali Aliyesifiwa kwa Kutulia

Ndugu zangu, wa salamu zote mbili, ya msikitini na ya kanisani, na nyie mliojificha nyuma kule, nawasalimu. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wazazi kaniambia niongee kidogo tu. Namwonea huruma. Mie nimezoea kuandika makala za magazetini, kazi ambayo mtu ukikosea unafuta, na msomaji akikasirika anakasirikia kwake. Leo mko karibu na sina cha kufutia. Mkiona nachekesha sana mjue niko karibu kulia. Nichukulieni hivyo hivyo.

Nikitazama madawati haya, wengi mmekuja kwa ajili ya watoto wa kiume. Wavulana wanaopanda mapaa, wanaotoroka darasani, wanaovunja vyombo vya jirani. Wa kwangu ni wa kike na hakuvunja hata kikombe. Ndiyo maana tulichelewa.

Mwanangu alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano mtaani kwetu Temeke. Ukimsalimia, macho chini. Ukimkalisha, anakaa. Mwalimu wake alinisimamisha njiani akaniambia, "Mama, huyu binti umemlea. Darasa zima lingekuwa kama yeye, mie ningezeeka na meno yangu yote." Nikarudi nyumbani kifua mbele kama nimepewa cheo. Kwamba kila mapumziko mtoto alijibanza nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ilie, mwalimu hakulitaja, na mie sikujua kuwa ni jambo la kuuliza. Nguo mpya ya Idi hakuivaa. Alitaka gauni lake moja la mtumba, limefuliwa mpaka limelainika kama pamba, lebo ya shingoni nimeikata kwa wembe maana alisema inamuuma. Biashara ya mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa nchini, wenzake wanaringia jinzi, nikasema mtoto wangu hana makuu. Wali na mchuzi visigusane. Ukimshika bega ghafla anakakamaa kama ubao. "Ana haya," tulisema. Wageni wakatusifu kwa hiyo haya, nasi tukazipokea sifa.

Akavunja ungo. Mume wangu ni Mzaramo, mie mtu wa Lindi; kote huko msichana akifikia hapo anawekwa ndani, anafundwa, kisha anatolewa kwa ngoma. Nilipinga. Nina shahada, jamani, na nilishaandika makala ndefu kuhusu mila zilizopitwa na wakati. Bahati mbaya wakwe zangu hawakuwa wasomaji wa gazeti lile. Tukakubaliana kwamba zamani mwali alikaa ndani hata mwaka, wetu atakaa likizo ya shule.

Kwa msiozijua taratibu zetu: mwali anakaa chumbani, mkekani. Haonwi na wanaume. Haongei kwa sauti. Hamtazami mtu usoni. Kungwi, yaani mama mtu mzima anayemfunda, anaingia kwa wakati wake, na kila kitu kina mpango: kuoga, kula, kufundwa, kulala.

Ndugu zangu, nawaambia, mtoto wangu alinawiri. Yule aliyekuwa anaamka amechoka alilala fofofo. Alinenepa. Nilimsikia akijiimbia mwenyewe, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa mdogo. Kungwi alitoka chumbani akicheka. "Wanawali wengine nabanana nao mpaka nakauka koo, kila saa wanachungulia dirishani. Huyu sina cha kumfunda! Huyu kazaliwa mwali!" Nilipoingia kumpelekea uji, mwanangu akasema huku anatazama kikombe, "Mama, hapa pazuri. Nitakaa mpaka lini?" Nikamwambia siku ya ngoma inakaribia, atafurahi.

Ile "Mama" yake naikumbuka mpaka ilivyotoka mdomoni. Nitawaambia kwa nini.

Siku ya kumtoa, baba yake alitaka mtaa ujue. Ngoma ziliitwa kutoka Mbagala, na kwa kuwa zama zilishabadilika akakodi na maspika ya mtu mmoja wa Keko, marefu kama kabati, yakasimamishwa mlangoni. Kilichopigwa na ngoma kilipigwa tena na spika. Tukampamba. Nguo mpya, ngumu, shingo mpaka kifundo, marashi, shanga. Mwanamke mmoja mwenye nguvu akambeba mabegani kama tunavyofanya, watu wakamzunguka, kila mmoja anamgusa, anamtuza, anamshika mguu.

Akaanza kulia.

Sasa hapa ndipo mnisikilize. Kwetu mwali akitolewa, hulia. Anauaga utoto. Kilio chake ni sifa kwa mama. Asipolia, wanawake wanaanza kuulizana huyu ana macho makavu namna gani. Kwa hiyo mwanangu alipopiga kelele, wao walipiga vigelegele. Alipoziba masikio, wakasema, "Angalia anavyoona haya!" Alipozidi kulia, ngoma ilizidi. Na mie mama yake nilikuwa nacheza mbele yake, kanga kiunoni, nikifurahia jinsi mwanangu anavyolia vizuri.

Akamng'ata aliyembeba, akajitupa chini. Mkono wake ulivunjika pale kifundoni. Hata hapo ngoma haikukoma mara moja, maana wa nyuma walikuwa hawajui.

Aliyepasua umati alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Huyu alikuwa mwanamke wa peke yake. Hakuolewa akadumu, haji kwenye shughuli, akija anasimama ukutani na kuondoka kabla ya pilau. Ukoo mzima ulimwita mwenye kiburi, na mie niliunga mkono. Alimfunika mtoto kanga mwili mzima, akambeba, akaingia naye stoo ya mkaa, akafunga mlango. Tuligonga sana. Alisema neno moja tu: "Zimeni."

Mkono uliungwa, hospitali walifanya kazi nzuri. Lakini mwanangu hakusema tena. Hakuniita, hakuniomba maji. Nikiingia chumbani aligeukia ukuta. Watu wakawa na maneno ya kutosha kwa niaba yake. Wengine walisema shetani la ngoma limempanda na halijapewa linachotaka. Wengine wakasema mama mtu wa kusini, huko kwao wana mambo. Mume wangu alisikiliza yote hayo, kisha siku moja akaniambia kwa upole, "Mama fulani, mie siwezi tena." Akahamia Mwananyamala, akaoa huko.

Niliacha kuandika. Niliacha kutoka. Tulikaa ndani wawili, mie na yeye, madirisha yamefungwa, hakuna wa kututoa. Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu: nilikuwa namuomba Mungu tulale tusiamke, wote wawili. Kama kuna mama humu ameliomba hilo, asinyooshe mkono. Ajue tu hayuko peke yake.

Wifi yangu ndiye aliyekuja. Alikuja asubuhi, hakubisha hodi kwa fujo, akaketi mkekani akampa mwanangu mgongo. Mgongo kwa mgongo. Nikamuuliza, "Wifi, chai?"

"Baadaye. Na wewe acha kumtazama."

"Nitakaaje na mwanangu nisimtazame?"

"Kila ukiingia unamkodolea kama polisi. Macho yako yanamuunguza. Kaa tu."

Nikakaa. Tulikaa watu watatu kama abiria wanaosubiri treni ya Kigoma. Kisha wifi akasema, akiongea na ukuta, "Siku yangu mie nilizimia. Pale pale mabegani. Niliona giza, nikaanguka. Unajua walisema nini?"

"Walisema nini, wifi?"

"Walisema, mtoto ana haya huyu, mpaka kazimia. Mama yangu alitembea kifua mbele mwezi mzima. Mie mpaka leo nikisikia ngoma natapika. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Walikuwa wananisifu."

Ndugu zangu, nilimlilia yule mwanamke kuliko nilivyomlilia mume aliyeniacha.

Alikuwa akija mara kwa mara, na taratibu mwanangu akaacha kugeukia ukuta. Ndipo tukaenda watatu kwa daktari mmoja Kinondoni tuliyeelekezwa. Akaanza kuniuliza. Mtoto anaziba masikio kukiwa na kelele? Kabla sijafungua mdomo wifi akajibu, "Ndiyo. Mpaka leo."

"Nauliza kuhusu mtoto, mama."

"Na mie nakujibu, dokta."

Anapata shida kumtazama mtu usoni? "Sana." Chakula kikichanganyika? "Sili." Akiwa na watu wengi anachoka kama aliyelima? Hapo wifi alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. Daktari akaweka kalamu chini. Akatutajia jina la hali ile, otizimu, hii ambayo siku hizi tunaiita usonji; wakati ule Kiswahili chake hata yeye hakuwa nacho. Akasema si shetani, si malezi, mtoto huzaliwa hivyo, na mara nyingi huwa katika ukoo. Akasema wasichana hupita bila kuonekana kwa sababu wanajitahidi kufanana na wenzao, na kwa sababu utulivu wao unatupendeza. Wifi alikuwa na miaka hamsini na kitu. Nje ya geti akaniambia, "Kumbe sikuwa na kiburi."

Alifariki masika iliyopita, presha. Matangani walimsema: mtu mzuri, ila kiburi. Nilitaka kusimama niwaeleze. Sikuweza. Ndiyo nimesimama leo, kwenu, na kwake nimechelewa.

Namshukuru yeye kwanza. Namshukuru daktari yule, na nyie wa kikundi hiki mlionipokea nikiwa siwezi hata kutaja jina langu. Namshukuru kungwi wetu, ambaye hakuona aibu kuja kuniuliza nilichojifunza. Nami ninachoweza kuwaachia ni hiki: mtoto wa kike akitulia kupita wenzake, msiishie kumsifu. Kaeni karibu naye, mmuulize kimya chake kinamgharimu nini.

Sijawaambia kwamba mwanangu amepona, kwa sababu haumwi. Amerudi kula na mie. Anafuma vitambaa, ananionyesha. Ile "Mama" hajaitamka tena, nami nimeacha kuisubiri kila asubuhi. Naisubiri baadhi ya asubuhi.

Juzi kungwi alinifuata. Kuna mwali Yombo, yuko ndani, anasifiwa mno. "Katulia sana," akaniambia, "na mie nimeingiwa na hofu. Njoo umwone kabla ya ngoma." Naenda kesho, na anayetaka twende aje. Wakati naagana na kungwi mlangoni, mwanangu alikuwa anafuma. Hakuinua macho. Akasema, sauti imekwaruza kwa kutotumika:

"Asibebwe."