Maji ya Kwanza ya Mvua

“Sema alikufa kwa homa, inatosha.”

“Nitasema na kilicholeta hiyo homa, baba mdogo.”

“Mtoto wewe una mdomo!”

“Ninao, na leo ndio utakaosoma.”

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukirushiana na baba mdogo hapa mbele ya jeneza, wazee mniwie radhi, sasa nasoma wasifu wa marehemu.

Baba yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976, wa kwanza kati ya watoto wawili, akamaliza darasa la saba mwaka 1991, kisha akajifunza ufundi bomba, kazi iliyomlisha yeye na sisi mpaka mwisho, na tarehe 3 Juni 2006 akamwoa mama, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa mkubwa wao.

Mwaka 2011 alichimba tangi la maji ya mvua chini ya ua tunaoishi pamoja na familia ya baba mdogo, akaweka bomba lenye kiwiko, kile kiungo cha kona kinachogeuzika, kutoka kwenye mfereji wa bati, na kila mvua zilipoanza alikigeuza kiwiko nje, ili maji ya kwanza yaoshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo akirudishe, na nyumba zote mbili zikawa zinafungua koki jikoni bila mtu kubeba ndoo.

Machi mwaka huu, baba akiwa safarini kikazi, baba mdogo alisema ni ujinga kumwaga maji ya bure, akakikaza kiwiko kwa simenti kikielekea tangini kisigeuzwe tena, uchafu wote ukaingia humo, wala hakumwambia mtu. Baba alirudi, akanywa, akapatwa na homa ya matumbo, nami nikaacha shule kidato cha pili ili nimuuguze. Daktari wa zahanati alipouliza tunakunywa maji gani, ndipo mama alipokwenda kuangalia akaiona simenti, na baba mdogo akamcheka, “Shemeji, fundi gani anaogopa mavi ya kunguru?” Kwake wanakunywa maji hayo hadi leo.

Baba alifariki hospitalini tarehe 11 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotugawia maji, na ninyi mafundi wenzake mliokuja jana na nyundo, mkafungiwa geti na baba mdogo.

Pumzika, baba, umechoka vya kutosha. Siku unabebwa kwenda hospitali, baba mdogo alitaka kukushika mkono, nawe ukamwambia pale mlangoni: “Usinisindikize. Kavunje hiyo simenti umwage hayo maji, wanao nao wanakunywa humo.”