Hafidha na Ndoo ya Mlango wa Uani

Assalaam alaykum. Mimi ni Abdulswamad, ami yake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla jeneza halijatoka, nanyi mnivumilie, maana niliyoyaandaa jana yamevurugika leo asubuhi.

Hafidha binti Msabaha alizaliwa hapa hapa Bagamoyo tarehe 3 Agosti 1983, mtoto pekee wa marehemu kaka yangu na shemeji yangu Biubwa, akasoma madrasa na shule hapa mjini, mwaka 2004 akaenda Morogoro kusomea mifugo, akarudi na shahada yake mwaka 2008.

Februari 2009 aliajiriwa kituo cha utafiti wa mifugo kule Ubena, na sote tulijua ni mbuzi. Nani alituambia mbuzi? Wallahi sijui, nadhani tulijiambia wenyewe. Asubuhi hii mkuu wake, Daktari Mikdad, kanishika mkono, akanipa pole, akasema wamempoteza mtaalamu wao wa nguruwe. Nguruwe! Nikamwambia, baba, umekosea msiba. Akasema hapana, miaka yote hiyo Hafidha alichunguza damu ya nguruwe majike, ajue kwa nini mmoja huzaa vitoto kumi na vinne na mwenzake sita, na kama jambo hilo hurithiwa.

Ndipo nikaikumbuka ile ndoo. Kila aliporudi kutoka kazini alisimama nayo nje ya mlango wa uani, akajiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo aingie, nasi tukasema binti ana wasiwasi, mimi nikashauri asomewe dua, kumbe ndivyo dini inavyomwagiza aliyegusa nguruwe. Nikamwendea shemeji Biubwa, nikamwambia nikilitaja hilo jina watu wataondoka, jeneza likose wabebaji. Akanijibu, "Soma nguruwe, shemeji. Udongo nilikuwa namchotea mimi."

Aliolewa na Ishaka wa Zinga tarehe 18 Desemba 2010, wakajaliwa Naila mwaka 2013, hakufuata mwingine, na mnajua yaliyosemwa, mama kazaa mmoja, binti kazaa mmoja, basi ni damu ya ukoo. Daktari anasema Hafidha aligundua kwamba kwa nguruwe wake damu ya mama huchangia kidogo tu, mengi ni umri, malisho na joto la banda. Nguruwe si mtu, nami sijaelewa sawasawa, lakini mawifi zake mlioko ndani, nadhani nyie mmeelewa.

Alianza kuumwa figo mwaka jana, akatibiwa Dar es Salaam, akafariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wenzake wa Ubena, karibuni mkae, msisimame huko barabarani.

Naona hakuna aliyeondoka. Mungu awalipe, maana mimi niliogopa.

Pumzika, mwanangu. Leo umekwisha kuoshwa na wenzio, usisimame mlangoni, ingia.