Tawi la Semarang

Kwenye tramu ya Melbourne, Ratri alimwonyesha bibi aliyeketi naye picha ya jengo jipya. "Chuo chetu hicho, bibi. Serikali ya hapa imepunguza nafasi za wanafunzi wa kigeni, basi chuo kimefungua tawi mjini kwetu, Semarang. Mdogo wangu kaambiwa asome huko huko."

"Tawi? Kwani ni benki?" Bibi akacheka. "Si afadhali, mwanangu? Digrii ile ile, na wali wa mama juu yake!"

"Digrii ni ile ile, bibi. Ila nilishamtandikia kitanda chumbani kwangu. Mwaka wa pili huu naamka peke yangu."

Bibi akaitazama tena ile picha. Tramu iliposimama mbele ya hospitali, ambapo alisema atashuka, hakuinuka; akabaki ameketi naye.