Maneno matano ya «re»

Katika bisi ya abiria ya kwenda Sake, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akisoma karatasi ya daftari kwa sauti ya chini. «Return, kurudi. Remain, kubaki. Repair, kutengeneza. Request, kuomba. Refuse, kukataa.»

Jirani yake wa kiti, ambaye konvoyeri, mkusanya nauli, alimwita Papa Baharanyi, aliichukua karatasi akaikagua kama karani. «Mama, Kifaransa umeshakimaliza?»

«Papa, leo wageni ba Kiingereza banakuja kwetu kambini. Ile mara ya mwisho tulisema tunakataa kurudishwa kijijini Kibumba kama habajatoa mabombe mu mashamba. Mukalimani akawaambia tunaomba baturudishe polepole.»

«Labda alitaka kuwasaidia. Mutu mwenye kuomba anasikilizwa.»

«Tulisikilizwa sana, papa. Lori ikakuja, ikabeba majirani wangu sita.»

Mimi pia, baada ya volkano, nilikuwa kwenye foleni ya ndoo: tulidai maji, ripoti ya wafadhili ikaandika kwamba tumeshukuru. Ile ripoti ninayo mpaka leo.

Muzee hakukubali. «Ukikataa, batakuuliza sababu. Na maneno ya sababu hauna.»

«Bataniuliza. Ile siku hakuna mutu aliniuliza.»

Bisi ikasimama Lac Vert, penye kambi. Mama akashuka na kuanza kupanda barabara ya mawe, mikono mitupu. Muzee akatoa kichwa dirishani, akipunga karatasi. «Mama! Umesahau maneno yako!»

«Bakia nayo, papa,» alijibu bila kugeuka. «Ile moja niko nayo.»