Nduguye Mtu wa Paje

Tii. Sauti moja tu ya simu, usiku, ikapenya ukuta wa chumba cha pili, na Kheir akajua mpira umekwisha huko Ulaya na mdogo wake kaliwa tena katika kubeti. Mkoba wa kijana wa zana za ufundi wa friji ulikwisha kutoka nyuma ya mlango ukauzwa. Sasa kilichobaki cha kuuza ni cherehani ya marehemu mama. Kheir akapanga maneno ya kumwambia, asubuhi yakamkauka. Basi alasiri wakakaa barazani Mkunazini, kahawa mkononi: Rubani, ambaye hajapata kupanda ndege ila anakaa Kiembe Samaki zinakotua, Hakimu, ambaye mahakamani alifika mara moja, naye akiwa mshitakiwa, na katikati yao mdogo mtu mwenyewe. Kheir akafanya wafanyavyo waungwana. Akafumba maneno.

— Nna rafiki yangu Paje, alisema. Nduguye anabeti, hakamatiki. Asemeshwe vipi?

— Asisemeshwe, alijibu Rubani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zibeni tundu la chaji kwa gundi.

— Ataazima simu ya mwenziwe, alisema Hakimu. Mwozeni wake wawili. Mmoja amlinde mchana, mwengine usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Wake wenyewe wakianza kubeti? aliuliza Rubani.

— Hapo itakuwa biashara ya familia, shekhe.

— Mimi nasema maji ukiyavulia nguo yaoge. Mpelekeni Tumbatu, azamishwe mpaka shingoni kila mpira unapoanza. Baharini hamna mtandao.

— Siku hizi upo. Pweza wa kule wanatumiana salamu.

Walicheka. Mdogo mtu naye alicheka, tena kuliko wote, kisha akapangusa mdomo.

— Mnamlea bure, alisema. Mtu kama yule hafai. Ningekuwa mimi kaka yake, ningemfukuza, nisimsemeshe tena.

Akakiweka kikombe chini, kahawa ingalimo. Kheir alikiona, akaelewa: fumbo lililotupwa kwa heshima lilikuwa limemfundisha kijana kujihukumu mwenyewe.

Kwenye ncha ya baraza alikaa mgeni, akimsubiri mkewe atoke kwa mshonaji. Akajisogeza.

— Samahanini, jamaa. Mimi Wakil, Paje ndiko kwetu. Kule twajuana sote. Huyo kijana anaitwa nani?

Rubani akamtazama Hakimu. Hakimu, mwenye hukumu kwa kila jambo, akaitazama kahawa yake. Walijua wote, tangu neno la mwanzo. Mdogo mtu akainamia kandambili zake.

Kheir akasimama. Maneno ya usiku hayakurudi. Yalikuja mengine, mazima, yenye pumzi.

— Nlidanganya, bwana Wakil. Si wa Paje, ni wa kwetu. Hafukuzwi, na kusemeshwa atasemeshwa, leo na kesho, mpaka tuutoe mchezo huu ndani ya nyumba. Sisi tumenyonya ziwa moja.

Rubani akasogea, akaacha nafasi pembeni ya kijana. Kheir akakaa hapo, akamshika bega, akaita kwa sauti iliyojaa kichochoro, bila haya hata chembe:

— Suhail.

Kijana akainua uso.

— Naam, kaka.