Mama Soksi Anavaa Viatu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwalimu wetu wa Kikorea cha Awali atarudisha ufunguo wa Chumba cha Saba na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Idara ya Lugha kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye mlango wa ofisi yake pameandikwa Mhadhiri Mwandamizi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa Chuo, tunamwita Mama Soksi, na ukimuulizia kwa jina lingine lolote utazungushwa mpaka uchoke.

Hakuanza na Kikorea. Aliajiriwa kufundisha Kiswahili kwa wageni, kazi aliyoifanya vizuri na kwa sauti ya juu. Sisi wa Kifaransa, tulio chumba cha jirani, tulijifunza ngeli upya kupitia ukutani. Kisha ikaja nafasi ya masomo Korea. Ilizunguka idara nzima ikikataliwa: huyu anaogopa baridi, yule ana harusi ya mdogo wake, mwingine (mwandishi wa makala hii) akasema chakula cha huko hakijui. Yeye akaenda nyumbani, akazungumza na baba watoto, na kesho yake akaja kazini ameshaazima koti. Waliosema atarudi kabla ya mwezi kwisha waliumbuka. Alirudi baada ya miaka miwili, na shahada, masanduku ya vitabu na wazo lililotuacha midomo wazi.

Wazo lenyewe lilikuwa kufundisha lugha na utamaduni kwa pamoja, darasa liwe nyumba. Wakorea hawaingii nyumbani na viatu. Basi na Chumba cha Saba, ambacho kilikuwa stoo ya viti vibovu, hakingeingiwa na viatu. Alikipiga deki mwenyewe, akatandika mikeka, akaweka droo ya soksi safi kwa wale wenye zilizotoboka. Muhula wa kwanza alipata wanafunzi wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Binti yule alikuwa akitafuta darasa la Takwimu. Aliona wenzake wanavua, naye akavua, na alipogundua kosa akaona aibu kutoka, maana ukishavua viatu kwa watu huondoki bila kukaa kidogo. Akakaa. Mkumbukeni binti huyo, nitamrudia.

Na msidhani utamaduni ulikuwa pambo. Kutoa na kupokea kwa mikono miwili, kuinama mbele ya mkubwa, kujua nani kakuzidi umri kabla hujafungua mdomo, yote yalifundishwa kwa vitendo. Waliolalamika kwamba heshima za Kikorea ni ngumu aliwauliza kama bibi yao wanamwamkia kwa “mambo vipi”. Wakacheka, wakaelewa. Hata mitihani waliyofeli aliwarudishia kwa mikono miwili, nao wakaipokea vivyo hivyo, wakainama na kushukuru kwa sifuri.

Kisha ukaja mwaka wa kubana matumizi. Agizo lilisema kozi yenye wanafunzi wachache ifungwe, na kwenye usajili Kikorea kilikuwa na watu wa kujaza meza moja. Hawakuhesabiwa wale waliokuja kwa mapenzi yao tu: wauguzi wa zahanati ya chuo, watu wa kilimo, karani wa maktaba. Viti vibovu vilikuwa vimeshaandaliwa kurudi stoo. Asubuhi ya ukaguzi Mama Soksi alituambia waziwazi, chai ikimpoa mkononi, kwamba wakilifunga darasa lile watakuwa wamemfunga yeye.

Naibu Mkuu wa Taaluma wa wakati ule alikuja na kamati yake, uso umekunjwa. Walipopinda kona ya korido wakasimama. Viatu vilianzia mlangoni vikafika ngazini: gambuti za watu wa kilimo, raba, visigino virefu, vyeupe vya wauguzi. Kamati ikapita kwa kunyata, ikitafuta pa kukanyaga. Naibu Mkuu akashika kitasa. Hapo Mama Soksi, ambaye riziki yake ilikuwa mikononi mwa mtu huyo, akainama kwa adabu zote na kumwomba avue.

Jamani! Sote tuliokuwa tukichungulia tuliacha kupumua. Mzee akavitazama viatu vile, akamtazama yeye, akainama kufungua kamba. Kidole gumba kikatoka nje ya soksi kutusalimia. Mama Soksi hakucheka. Alifungua droo, akamtolea jozi safi kwa mikono miwili. Mzee akanyoosha mkono mmoja. Darasa zima likamkumbusha kwa sauti moja kwamba ni miwili, naye akapokea kwa miwili. Soksi zilikuwa na maua. Alipokwisha kuzivaa darasa likasimama, likainama, likamwamkia kwa Kikorea mpaka vioo vya madirisha vikatetema. Alikuja kwa dakika kumi. Alikaa hadi kengele, akatoka akihesabu moja hadi kumi kwa Kikorea, maua miguuni.

Kozi haikufungwa. Iliongezewa ngazi ya cheti, na chumba kikapanuliwa kwa kuvunja ukuta. Ukuta wetu sisi wa Kifaransa, kama mlikuwa hamjui. Miaka michache baadaye alikuja mhadhiri mgeni kutoka Korea, akashangaa na kutunong'oneza kwamba chuoni kwao watu huingia darasani na viatu. Tukakimbia kumpelekea Mama Soksi habari hiyo kwa furaha isiyo na haya. Akatujibu kwamba anajua sana, ila yeye hana darasa, ana nyumba. Mgeni akavua vyake bila kuambiwa.

Mwaka jana zikaja habari kwamba akistaafu nafasi yake haitajazwa. Kamati aliishinda mara moja, sasa alipambana na kalenda. Alibisha hodi ofisi baada ya ofisi hadi makatibu wakawa wanamwekea kiti kabla hajafika. Kibali kilitoka mwezi uliopita, na aliyeshinda usaili ni yule binti wa Takwimu, leo daktari wa falsafa, aliyekwenda kusoma Korea kwa sababu siku moja aliona aibu kutoka.

Jumatatu iliyopita binti huyo alifundisha kwa mara ya kwanza. Mama Soksi aliketi nyuma kabisa, akanyoosha kidole kama wengine, akakosea jibu makusudi ili arekebishwe. Kipindi kilipokwisha, mwalimu mpya alitangulia mlangoni, akaviokota viatu vya mwalimu wake, akamtolea kwa mikono miwili. Alivipokea kwa miwili. Akalia, nasi tukalia, wa Kifaransa pia.

Asante, Mama Soksi, kwa kila ulichotupa. Mungu akupe afya, usingizi mwororo, na baba watoto asiyeacha raba sebuleni. Vaa viatu vyako taratibu, uende kwa amani. Nyumba ina mwenyewe.